Sponji la Basi la Relini

Kochi jipya lilikuwa na joto. Mke wa fundi makochi alilikalia asubuhi akainuka upesi, maana lilikuwa na joto la mahali alipotoka kuinuka mtu mnene, na nyumba ile haikuwa na mtu mnene.

"Jua la dirishani hilo," mumewe alimwambia.

Ikaja harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Mke alisugua kitambaa kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Nzi wakatua juu ya kochi, wakawa wanatembea kwenye mshono kama wanaotafuta mlango.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyelipenda. "Niache hapa, mwanangu. Limenipakata," alisema, akagoma kuinuka hata kwenda chooni. Mkojo ulimtoka palepale, na mkamwana aliyekuja na tambara alikuta kitambaa kikavu. Kilikuwa kimeunywa.

Mchana mmoja akamkuta bibi kizee amepasua mshono kwa kucha, anatafuna sponji, udenda wa njano ukimchuruzika kidevuni. Akamtia kidole mdomoni, akavuta bonge lililolowa, na nyuma yake zikafuata nywele ndefu za mtu mwingine, zikaja, zikaja, kana kwamba zimeanzia tumboni, na mwisho wake limenasa jino, na mama mkwe hakuwa na jino hata moja. Kisha kinywa kile kitupu kikapiga kelele kwa sauti ya mwanamume, na ya mtoto, na ya watu wengi waliobanana: "Dereva, treni! Dereva, simama!"

"Sponji hili umelitoa wapi?" mke alimnong'oneza fundi.

Fundi akatazama chini. "Lile basi."

Hakuna asiyelijua basi lile. Dereva alitaka kuiwahi treni kwenye kivuko cha reli, ikawakumba ubavuni, ikawaburuza, na waokoaji wakaokota watu kwa ndoo.

"Sponji nililifua," fundi alisema. "Nikalianika vizuri."

Aliitwa mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Aliingia ameziba pua. "Wewe nani?"

"Wa relini," jini alijibu kwa kinywa cha mama mkwe, huku akijilamba midomo. "Nilikuwa nalamba vyuma tu. Siku ile nilishiba, nikalala ndani ya viti. Huyu akanibeba mwenyewe."

"Ng'oeni kila kipande," mganga aliamuru. "Mrudisheni kwao."

Walilichana kochi kwa mikono mitupu. Sponji lilikuwa vuguvugu, linabonyea kama fizi. Walilitia kwenye magunia, wakalichoma kando ya reli, na moshi ukanukia nyama choma. Tumbo la fundi likanguruma kwa njaa. Mkewe alilisikia, akatapika kwenye kokoto.

Kule nyumbani, jirani aliyebaki na mgonjwa akapiga simu: bibi ameinuka mwenyewe, anaomba maji.

"Ndilo lote?" mganga aliuliza.

"Lote," fundi alijibu haraka.

Njiani, mganga alipokwisha kuwaacha, fundi akamshika mkewe mkono. "Usinikasirikie. Lile sponji zuri zuri, lisilo na madoa, nililiweka kwenye mabenchi ya zahanati. Pale wanaposubiri wajawazito."

Mke akautazama mkono ule uliomshika, ulionata, wenye vipande vya njano chini ya kucha, akauchomoa wake kama anayeutoa kwenye jipu, akakimbia bila kujali khanga iliyodondoka, akaingia zahanati anahema, akawaona wamekaa wanapepea matumbo yao, wengine wamesinzia, na ile harufu aliyoijua ikampokea mlangoni.

"Dada zangu, inukeni! Inukeni kwenye hayo mabenchi!"

Wakamshangaa. Mmoja, aliyekaribia kujifungua, akamhurumia, akaegemeza viganja kwenye benchi ajaribu kusimama. Akajaribu tena. Kisha uso ukambadilika.

"Siwezi, dada," alinong'ona. "Kuna mtu amenikumbatia tumbo kwa nyuma."