Spika Isiyo na Betri

Spika ilikuwa imetenganishwa na betri, na bado ililia.

Luqmani aliitazama, kisha akafanya lile ambalo watu wa kazi yake hufanya: akatega sikio. Alikuwa mtumishi wa simu ya upepo kwenye kampuni moja ya malori pale Makambako, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye lori moja bovu akajiita msafirishaji. Leseni ya redio ya ridhaa alikwishaipata, ile ya daraja la chini, ya kuzungumza na watu wa karibu. Haikumtosha. Alitaka ya daraja la juu, aongee na dunia nzima kutoka chumba chake cha mabati, na ili aipate ilimpasa ajue kusikia herufi kwa milio mifupi na mirefu. Mwanadamu akipewa shubiri hutaka pima.

Alijifunza kila jioni kwa kibonyezo na spika ndogo, bila antena, sauti isitoke nje. Maneno ya kitabu yalimchosha, kwa hiyo aligonga majina ya watu wake: Safina, mkewe, Lulu, binti yao mdogo. Aligonga hata wakati adhana ya magharibi ikilia na ukungu ukishuka barabarani. Safina alimkataza.

"Baba Lulu, saa hizi watoto hawatajwi majina."

"Nani katamka? Ni vidole tu."

Sasa spika ile ikagonga herufi nne, taratibu, kwa mkono mzuri kuliko wake. Lulu. Mara moja, basi. Kila aliyelelewa na bibi anajua kwamba jina likiitwa mara moja magharibi haliitikiwi, maana mtu huita tena, jini huita mara moja tu. Luqmani naye alijua. Lakini mtu wa redio hufundishwa kinyume chake: ukiitwa, itika papo hapo. Kidole kikaitangulia akili. Fupi, ndefu, fupi. Nimepokea.

Chumba kikajaa harufu ya waya ulioungua na ngozi mbichi. Upande wa pili wa ukuta Lulu, aliyekuwa akicheka na mama yake, akanyamaza.

Tangu hapo mtoto hakula wala hakusema, mwili ulimchemka katika baridi ile ya Makambako inayowatoa watu machozi, na kidole chake kimoja kikawa kinagonga, kwenye ubao wa kitanda, kwenye kikombe, kwenye meno yake mwenyewe, herufi zilizonyooka ambazo hakuna aliyemfundisha, na baba yake akiziba masikio alizisikia bado, akizisoma bila kutaka: wangu, wangu, wangu.

Safina alimleta Bibie, mwanamke wa Pangani aliyehamia na mumewe dereva, aliyejua kusomea watu. Alifukiza ubani, akamnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshewa aya, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Kidole hakikukoma.

"Anasemaje?" Bibie aliuliza kwa kunong'ona.

"Anasema mtoto ni wake, ameitikiwa."

"Nani alimwitikia?"

Luqmani akainamisha kichwa. "Mimi, mama."

"Basi mwambie hivyo. Mwambie mwenye jina hakuitika. Na uache kutetemeka, anakusikia."

Luqmani akagonga ubavu wa kitanda: mwenye jina hakuitika. Kidole cha mtoto kikasita. Kikajibu mara moja tu, kisha Lulu akaangua kilio, kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa, na Safina akamkumbatia akilia naye.

"Kasema nini mwisho?" Bibie aliuliza.

"Nitaita mwingine."

"Hana pa kuingilia mpaka apokelewe. Akiita, usimpokee. Na hayo madude choma."

Luqmani aliyachoma yote. Mtihani hakuuacha. Safina alimsihi, akamnunia, akamwambia wazi kwamba anaogopa. Yeye akasema mtahini ameshatoka Dar es Salaam na nafasi kama hiyo hairudi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mtihani ulifanyika Njombe, kwenye ukumbi wa kukodi, asubuhi ya ukungu. Waliketi dawati moja na Nikodemo, Mkinga wa Ipelele aliyepeleka habari za zahanati kwa redio. Walikuwa wakijuana kwa sauti tu. Siku hiyo ndipo walipoonana sura.

"Kamwene, Luqmani. Kumbe u mfupi hivi."

Mtahini akawasha kaseti. Herufi zikatiririka, penseli zikakimbia, na katikati ya maneno ya kawaida ya mtihani ukumbi ukanuka waya ulioungua, mlio ukapungua mwendo, ukawa ule mkono mzuri anaoujua, ukagonga herufi sita, mara moja, basi. Safina. Luqmani aliiachia penseli ikaanguka, akaukalia mkono wake wa kulia. Herufi nyingine zikampita zote. Alijua ameshindwa mtihani, akafurahi, akamshukuru Mungu moyoni.

Kando yake Nikodemo alimaliza kuandika, akagonga dawati kwa penseli, kama alivyozoea kila anaponasa neno. Fupi, ndefu, fupi.

"Umefanya nini?" Luqmani alimnong'oneza.

"Lile jina hukulipata? La mama mmoja." Nikodemo alishangaa. "Nimelipokea. Mtu akiita, si unaitika?"

Luqmani alitoka mbio mpaka stendi. Njia nzima hadi Makambako aliita jina la mkewe, abiria wakijitenga naye.

Alimkuta jikoni, ameketi mbele ya sufuria iliyokauka maji, macho wazi, na Lulu kamng'ang'ania kanga. Akamwita. Akamwita tena. Akamwita mpaka majirani wakaja mlangoni. Safina hakugeuka. Ukucha wake ndio uliosogea, ukaanza kugonga ubavu wa sufuria, kwa utulivu, herufi baada ya herufi: nimefika.

Kisha ukatulia, ukingoja kuitikiwa.