Mivuto Minne Kuluba
Kamba ilikuwa imelowa. Hawah aliigusa asubuhi pale barazani kwao Awindiri, akanusa vidole: tope la shimoni. Ilikuwa Januari 1993, kiangazi kikali, na mumewe Taban hakuwa amezamia kwa siku tatu.

Zamani Taban alikuwa mpiga mbizi wa jeshi. Sasa, baada ya miaka ya ukimbizi Sudan, kampuni moja ya vivuko ilikuwa inatafuta mwalimu wa wapiga mbizi, naye alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu apate cheti. Alifanyia mazoezi Kuluba, kwenye shimo la mawe lililojaa maji, mtungi wa hewa mgongoni, mwanafunzi wake Kenyi akishika kamba juu.

Maji yale ni meusi, mtu wa chini haonekani, kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa kamba. Mvuto mmoja: niko salama. Minne: nivute. Mshika kamba hujibu kwa idadi ileile, na akijibu minne ameahidi. Atavuta hata mikono ichubuke. Alilifundisha vizuri sana somo hilo, mnafiki yule.

Maana mwaka 1979, kwenye shimo hilohilo, alimshikia kamba Yugu, kaka yake Kenyi. Kati ya Taban na Yugu, mmoja tu ndiye angepelekwa kusomea ualimu, na Yugu alikuwa hodari zaidi. Mivuto minne ikaja. Taban akajibu minne, akaifunga kamba kwenye jiwe, akakaa kitako. Walipokuja wenzake kuivuta, kamba ilitoka na fundo lake, bila mtu. Akaenda Dranya kwa Mariam Poni, mama yao Yugu na Kenyi, akalia na kusema Yugu alivuta mara moja tu, kwamba yuko salama. Kisha vita vikaja, kozi ikafa, na Taban hakufaidi hata siku moja.

Baada ya kamba kulowa, harufu ya tope iliingia kwenye chakula. Nyayo za maji zikaonekana sakafuni, zikitoka ukutani pale kamba ilipotundikwa. Halafu kamba yenyewe ikaanza kujivuta kwenye msumari, mara nne, kimya, mara nne. Hawah akamwita faki Sule, shehe wa kupunga majini, kutoka Koboko. Faki akafukiza ubani, lakini moshi haukupanda. Ulitambaa chini hadi kwenye kamba ukatulia hapo. Akamuuliza Taban alichofanya, na Taban akakiri kwa kunong'ona, Hawah akisikia yote nyuma ya pazia.

"Hii si jini ya kufukuza," faki alisema polepole. "Jini ya shimo ilichukua hasira ya ule mutu, sasa iko kitu moja. Enda Dranya kwa mama yake, sema kweli. Itaacha wewe."

"Nikisema, cheti iko wapi?"

"Usiposema, wewe iko wapi?"

Hawah alimsihi waende siku hiyohiyo. Taban akasema watakwenda baada ya mtihani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya mtihani jua lilikuwa utosini. Mtahini, mzee Ayiko, alikaa juu ya jiwe na karatasi zake. Ustadi wa mwanafunzi kwenye kamba ndio ungempa mwalimu alama. Hawah naye alikuja, hakukubali kubaki nyumbani. Taban akazama.

Alipogusa sakafu ya shimo alisikia harufu ya tope ndani ya kifaa cha kupumulia, mahali ambapo harufu haiwezi kuingia, kisha mkono baridi ukamshika kifundo cha mguu bila haraka, akavuta kamba mara nne, na jibu lililomjia kutoka juu lilikuwa mvuto mmoja, akavuta tena minne kwa nguvu zake zote huku mkono wa pili ukipanda kiunoni ukitafuta fundo, na jibu likaja lilelile, moja, la upole, la mtu anayetii alichofundishwa.

"Moja," Kenyi alisema juu, akijibu. "Afande iko sawa."

Ayiko akaandika. Ikaja moja nyingine, na nyingine, na Kenyi hakukosea hata mara. Mzee akaweka sahihi, akasema mwalimu amefaulu. Ndipo mapovu yalipokoma.

Kenyi na mzee Ayiko walivuta wote wawili. Kamba ilikuja nyepesi, ikatoka na fundo lake, bila mtu.

Hawah alipiga magoti. Hakulia. "Shemeji, sikia," alisema. "Kaka yako alivuta minne. Huyu alijibu yeye minne, halafu hakuvuta. Mimi nilisikia kwa mdomo yake."

Kenyi aligeuka kuitazama kamba. Kamba yote ilikuwa juu ya majani makavu, mbali na maji. Mbele ya macho yao ikajivuta. Moja, mbili, tatu, nne.

Kenyi akaiokota, akajibu minne, sawasawa kama alivyofundishwa. Kisha akaiweka chini, akakaa kitako.