Mpinzani Aliyemhurumia Mama

Jumapili hiyo, yapata saa kumi alasiri, mpinzani alimwacha mpiga upinde wa mama aende zake.

Mpiga upinde mwenyewe alikuwa hoi. Alibakiwa na nukta moja ya uhai, amekwama peke yake kando ya mto, na wapanda farasi watatu wa kompyuta wamemzunguka. Zamu ilikuwa ya kompyuta. Kamanda, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake na kikombe cha chai mkononi, alijua kitakachofuata kwa sababu yeye ndiye aliyekiandika. Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta, na kazi yake hasa ilikuwa kuifundisha mashine kuwa adui. Ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo la Kamanda, likamganda hadi nyumbani.

Katika michezo ya aina ile, mchezaji husogeza jeshi lake, kisha hutulia na kumpisha mwenzake. Kompyuta haifikirii kitu. Kila hatua inayowezekana huipa alama, halafu huchukua yenye alama nyingi kuliko zote. Majeruhi aliye karibu ndiye mwenye alama nyingi. Huruma haimo, kwa kuwa Kamanda hakuiweka.

Wapanda farasi wakarudi nyuma hatua mbili. Wakafungua njia.

"Umeona?" mama akasema kwa sauti ya chini. "Ameniachia."

"Ni hitilafu tu, mama. Kesho nitaiangalia ofisini."

Lakini aliiweka chai mezani bila kuinywa. Alimjua mtu mmoja tu aliyecheza namna ile. Mume wake, fundi umeme, alikuwa na miezi tisa kaburini. Alipanda nguzo siku aliyoambiwa umeme umezimwa, kumbe haukuzimwa. Enzi za uhai wake ndiye aliyemfundisha mama yake mchezo huu, bibi huyu alipostaafu ukunga na miguu ikaanza kumvimba asiweze kutoka. Kila Jumapili waliketi mezani hapo hapo, kwenye kompyuta hiyo hiyo, na kila mara kijana alimwachia mama yake upenyo kando ya mto, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso akijifanya amezidiwa akili. Mama aliamini ni ujanja wake mwenyewe. Kamanda alijua, akanyamaza.

Jumatatu alipekua maandishi yote ya programu ya mpinzani, mstari kwa mstari. Hakukuta kosa.

Jumapili iliyofuata alikaa karibu zaidi. Kompyuta humaliza zamu yake kufumba na kufumbua; ule muda wa kusubiri anaouona mchezaji ni danganya toto, Kamanda mwenyewe aliuweka, sekunde mbili, ili binadamu asijione mzito. Safari hii zilipita dakika nne. Na katika dakika hizo nne, upande wa pili wa meza penye kiti kitupu, kucha zilianza kugonga mbao: tatu, kimya, tatu, kimya. Ikafuata harufu ya waya ulioungua, na chini ya harufu hiyo, nyingine ya jasho la mwanamume aliyeshinda juani.

Mama hakugeuka. Alikuwa amechana nywele zake vizuri na kujipaka mafuta usoni, kama mtu anayesubiri mgeni.

Kamanda alikuwa amemwandikia mfalme wa mpinzani sentensi kumi na mbili za kusema, zote za vitisho. Sentensi iliyotokea kwenye kioo haikuwa mojawapo.

*Cheza taratibu, mama. Sina haraka.*

"Mama," Kamanda akanong'ona, "tangu lini anakuandikia hivi?"

"Tangu arobaini," mama akajibu, naye akinong'ona. "Usimwogopeshe."

Siku zilizofuata Kamanda aliona mambo madogo. Mama alipita mbele ya picha ya mwanawe ukutani bila kusimama. Alikuta fulana ya marehemu sandukuni akauliza ni ya nani. Shangazi wa marehemu alipopiga simu na kuelezwa, akacheka, akasema ni uzee, dawa yake ni maziwa. Kamanda hakucheka. Mchana mmoja mama alipolala, alifungua faili ambamo mchezo huandika kila hatua ya mpinzani na sababu yake. Alilitengeneza mwenyewe, na kwa kawaida lilisomeka kwa ukavu: shambulia, alama arobaini, rudi nyuma, alama sita.

Sasa penye alama palikuwa na maneno.

*Rudi nyuma: mvua ilinyesha tangu alfajiri, hakuna gari lililopita.*

*Subiri: mkunga nilikuwa mimi, na mgonjwa nilikuwa mimi.*

*Fungua njia: kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni, alitoka wa buluu, hakulia.*

*Subiri: nilimpulizia mdomoni mpaka akanipiga teke.*

Kamanda aliijua habari hiyo. Mama aliisimulia harusini, aliisimulia msibani, aliwahi kumsimulia hata msomaji wa mita za maji aliyekuja na haraka zake. Kamanda aliinuka akaenda chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumgusa bega.

"Mama, hebu nisimulie tena siku aliyozaliwa marehemu."

Mama alifungua macho. Akafungua mdomo. Akaitazama mikono yake, hii na hii, kama mtu aliyeweka kitu na asijue alikiweka wapi.

"Hospitali, nadhani," akasema. "Si watoto huzaliwa hospitali?"

Kulikuwa na dobi mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye maneno machache, aliyewapigia pasi nguo zao kwa miaka. Watu walijua kwamba wateja wake wengine huingia kwa mlango wa nyuma bila furushi. Kamanda alipita mlango huo. Dobi alisikiliza huku pasi ikiendelea kutembea juu ya shuka.

"Mimi natoa madoa tu," akasema mwishowe. "Na hilo ni doa. Kila zamu analipwa?"

"Analipwa kumbukumbu. Za mwanawe tu."

"Basi huyo ni jini mlaji. Hana sura yake. Huvaa ile anayoililia mwenye nyumba. Mimi siwezi kumfukuza, wala wewe. Aliyemkaribisha mezani ndiye atamwinua. Mama amshinde, amwambie kwa kinywa chake kwamba si mwanawe. Halafu niletee hiyo mashine ilivyo, niichome. Usiifungue tena."

"Atamshindaje? Yule anaona kila kitu."

"Kumshinda si kazi, atajiachia, ndivyo anavyowavuta. Kazi ni mama kutaka."

Kamanda alirudi akijipanga namna ya kumweleza mama, achague neno gani, aanzie wapi. Hakufika mbali.

"Najua si yeye," mama akamkatiza. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwanangu alikuwa hawezi kusubiri. Angegonga meza, mama cheza, mama jua linazama. Huyu anasema hana haraka. Mwanangu alikuwa na haraka maisha yake yote."

"Sasa kwa nini, mama?"

Mama aliinyoosha miguu yake iliyovimba.

"Kila anapochukua kitu, pale mahali panaacha kuuma. Unajua nina vitu vingapi vya mtoto yule? Nikigeuka huku nakuta kiatu chake. Nikigeuka kule nakuta kikohozi chake cha utotoni. Nimechoka, mwanangu. Acha achukue."

Kamanda alipiga magoti sakafuni, akaikumbatia ile miguu iliyovimba. Tangu msiba hakuwahi kulia mbele ya mama mkwe wake. Alijikaza ili mmoja wao awe na nguvu. Sasa alilia mpaka maneno yakatoka vipande vipande.

"Mimi nina miaka sita tu ya kwake. Ishirini na minane yote iko kwako. Ukiimaliza, mama, mimi nitamuuliza nani?"

Mama alimwekea mkono kichwani.

"Hukuniambia kama unaitaka," akasema.

Walicheza siku ya pili yake, saa saba mchana, madirisha yamefungwa kama dobi alivyoagiza. Jini alimwachia mama upenyo kando ya mto, kama kawaida, na mfalme wake akasimama peke yake mwisho wa upenyo huo. Mama alipomsogeza mpiga upinde wake kuelekea huko, kucha zikaanza kugonga, tatu, tatu, tatu, bila kimya katikati, na kiti kitupu kikajiburuta chenyewe mpaka kikagusa goti la Kamanda, na ile harufu ya waya ikawa nzito hivi kwamba wote wawili walivuta pumzi kwa mdomo, na kwenye kioo maneno yakawa yanakuja moja juu ya jingine, *mama usicheze leo*, *mama huku ni giza*, *mama ni mimi*, *mama nimeumia mikono*, na hilo la mwisho likamfanya mama aachie kipanya na kujifunika uso, kwa kuwa ndivyo walivyompokea kutoka nguzoni, na mikono yake hawakuruhusiwa kuiona.

"Mama," Kamanda akanong'ona. "Niko hapa."

Mama alishusha mikono. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ya mtu aliyewahi kuwaambia wanawake wengi habari ngumu.

"Wewe si mwanangu. Mwanangu nimemzika."

Akabonyeza. Mshale ukaenda. Mfalme akaanguka, na pazia likavutwa kuelekea nje, likagandamana na kioo cha dirisha lililofungwa, kisha likalegea. Harufu ikakatika.

Dobi alikuwa akisubiri mlangoni na gunia. Kamanda aliomba dakika moja, akaenda na mashine jikoni, akafanya alichokatazwa. Alifungua lile faili. Alitaka kusoma tu, ashike yale ya mama kichwani kabla hayajaungua, na akashika aliyoweza. Lakini chini kabisa, baada ya yote ya mama, kulikuwa na mistari mingine.

*Subiri: alinifunga kamba za viatu kwenye ngazi za stesheni, watu wakipita wanacheka.*

*Subiri: nikamwambia inuka, nimekubali.*

Aliisoma mara tatu. Yeye hakuwahi kucheza hata zamu moja. Alisimama tu nyuma ya kiti na chai yake. Akajiuliza ni siku gani alikubali kuolewa, na wapi, na marehemu alisema nini. Akatafuta, na pale alipotafuta palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

"Dada," dobi akaita polepole kutoka mlangoni.

Akafunga mashine, akampa.

Siku hiyo jua lilipokuwa likishuka, wawili hao waliketi barazani. Mama alikuwa ameichukua ile picha ya ukutani, ameilaza mapajani.

"Nisimulie huyu," akasema.

Kamanda alianza na mvua. Akaeleza jinsi gari lilivyokosekana, na jinsi mkunga alivyokuwa peke yake chumbani akijizalisha mwenyewe. Mama alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa, kama anayepewa habari za jirani. Ilipofika kamba ya kitovu shingoni, akashika mkono wa mkwewe kwa nguvu. Miaka thelathini ya ukunga ilikuwa bado imo mikononi, aliijua hatari ile.

"Masikini," akanong'ona. "Na mtoto akaishi?"

"Aliishi, mama," Kamanda akasema. "Aliishi."