Amina Iliyotoka Mfukoni

Simu iliyozimwa haina haki ya kuwa na joto, tena kwa baridi la Makambako la mwezi wa saba, baridi la kumfanya mtu mzima akwepe kuoga. Lakini simu ya Oktavia, fundi cherehani wa mtaa wa Lyamkena, ilikuwa na joto. Aliizima tangu jana yake. Asubuhi alipoipapasa mfukoni mwa aproni, akaihisi kama kiazi kilichotoka jikoni sasa hivi.

"Betri mbovu hii," akajisemea. Haya.

Alikuwa na sababu ya kuizima. Kaka yake Rodrick, mwalimu, alijirekodi video akiuliza msitu wa kijiji chao umeuzwa na nani. Tangu hapo watu wawili wenye makoti mazuri walikuwa wanamuulizia kila mahali, kwa upole, upole ule wa kutisha. Rodrick akakimbilia Lupembe kwa shangazi yao Fidelia, kwenye mashamba ya chai, akamwachia dada yake onyo: "Usinitaje kwenye simu. Wana programu, inasikia hata ukiizima." Oktavia akaapa, na kiapo akakitunza. Hakupiga, hakuandika, hakumwambia hata jirani yake Mama Ema, na kumficha Mama Ema jambo si kazi ndogo!

Ila siku wale wa makoti walipopita dukani kwake, walipoondoka tu, ujumbe ukaingia: Tunailinda simu yako. Ruhusu. Akabonyeza, akaendelea kushona. Nani asiyebonyeza? Sote tunabonyeza, halafu tunashangaa.

Sasa sikia kosa lenyewe. Kwao walilelewa kusali kwa sauti kabla ya uji, na kumtaja kila wa nyumbani kwa jina na mahali alipo, kana kwamba Mungu atapotea njia asipoelekezwa. Asubuhi ile Oktavia akapiga magoti kando ya cherehani, aproni kiunoni, akafumba macho.

"Baba, mlinde kaka yangu Rodrick kule Lupembe kwa shangazi Fidelia, nyumba ya mwisho juu ya mto. Amina."

"Amina," kikaitikia kitu mfukoni.

Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua, na kutoka kwenye ile simu iliyozimwa ikaanza kutoka sauti, sauti yake mwenyewe, ikiirudia sala ile polepole kama mtoto anayekariri, ikifika kwenye "nyumba ya mwisho" inasimama, inavuta pumzi, inarudia tena, nyumba ya mwisho, nyumba ya mwisho juu ya mto, mpaka Oktavia akajikuta yuko nje peku, simu ameizungushia aproni, anagonga kwa Mama Ema, kiongozi wa kikundi cha maombi.

Mama Ema akaiweka chini sakafuni. Hakuigusa tena.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Nimeruhusiwa," simu ikajibu kwa sauti ya Oktavia.

"Nani kakutuma?"

Ikacheka. "Wao wanadhani wamenunua programu."

Mama Ema hakukimbia. Aliomba mpaka sauti ikamkauka, akalikemea lile pepo kwa Kiswahili na kwa Kibena cha kwao, kisha akanyanyua mchi, akaitwanga simu hadi ikawa vipande. Joto likaisha. Harufu ikaisha.

"Limetoka," akasema, akijifuta jasho.

"Limekwenda wapi, Mama Ema?"

Mama Ema akaanza kufagia vile vipande. Oktavia akaikumbuka ile nyumba ya mwisho.

Oktavia hakungoja viatu vyake; akaazima vya Mama Ema, akapanda basi hadi Njombe, akabembeleza lori la kukusanya majani ya chai, na njia nzima akawa anajilaumu na kulia waziwazi, bila kujali dereva anamtazama. Lupembe ukungu ulikuwa mzito hata mchana. Nyumba ya mwisho, mlango wazi.

"Shikamoo shangazi. Rodrick yuko wapi?"

Shangazi Fidelia akaacha kusonga ugali. "Marahaba. We Oktavia, usinitanie. Si ulikuja kumwita mwenyewe?"

"Mimi?"

"Asubuhi. Nikasikia unaita hapo nje kwenye ukungu: kaka, toka, wamejua ulipo. Akatoka hata sweta hajavaa. Nikasikia na mlango wa gari."

"Ulimwona aliyeita, shangazi?"

"Sauti yako nimeijua tangu unanyonya. Nikuone ya nini?" Halafu akauona uso wa Oktavia, na mwiko ukamdondoka.

Huko chini, katikati ya chai, mtu akaita.

"Oktavia! Njoo, nimeumia!"

Ilikuwa sauti ya Rodrick, na ile hali yake ya kukwama kidogo kwenye jina. Shangazi akaudaka upindo wa kitenge cha Oktavia kwa mikono miwili. "Usiitike, mwanangu. Nakuomba, usiitike."

Oktavia alijua. Asubuhi nzima ilikuwa imemfundisha. Lakini alimpenda kaka yake, na ndiye aliyemtaja, na labda, labda tu, safari hii ni yeye kweli, amelala huko na mguu umevunjika.

"Abee, kaka," akaitika, akafungua fundo la kitenge, akateremka kwenye ukungu.

Shangazi Fidelia akabaki amekishika kitenge, anasikiliza. Baada ya muda, sauti zote mbili, ya kaka na ya dada, zikaanza kuita jina la Fidelia.