Kikopo cha Ipyana

Jumamosi asubuhi bucha ya Ipyana pale Mkuza haikuwa na nafasi ya kupita hata paka. Mmoja anataka maini, mwingine anabishania mfupa, na shoka halipumziki. Katikati ya rabsha hiyo akaingia dada mmoja mrefu, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, nywele amezisuka mistari, mkononi ana deli la bluu, lile la kubebea vitu vya baridi. Ipyana akamwona yeye peke yake.

"Lete hilo deli, dada'angu, nikujazie steki," alisema, mkono tayari kwenye kifuniko.

"Kaka, usifungue!"

"Kwani kuna nini?"

"Kinyesi cha watu kumi na wanane."

Bucha nzima ikaangua kicheko, na wateja wawili wakasogea mlangoni. Huyo ndiye Wema, msaidizi wa utafiti, anayezunguka Kibaha kuomba watu sampuli za choo. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuchekwa: tumboni mna vijidudu, na mtu akila nyama nyekundu kila siku, baadhi yao huitafuna na kutoa kitu ambacho ini hukigeuza na kukiingiza kwenye damu. Kikizidi, wataalamu wanadhani kinachangia kuziba mishipa ya moyo.

Aliposikia moyo, Ipyana akaacha kucheka. Kaka yake Lusajo alianguka akafa hapohapo nyuma ya kaunta, kisu mkononi, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Baba yao naye moyo ulimchukua akiwa na arobaini na mbili. Ipyana alikuwa na arobaini kamili, na tangu msiba ule, kila bucha ilipotulia mchana, alisikia viatu vya Lusajo vikiburuza sakafuni. Hakumwambia mtu. Wala hakuoa, maana aliona ni dhuluma kumtafutia mtoto wa watu ujane.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukuisha, simu zikawa asubuhi na jioni.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Supu ya makongoro na chapati mbili."

"Tena? Wewe na makongoro mnaoana lini?"

"Yeye ameshakubali. Wewe ndiye unayeniringia."

"Nijazie kwanza kikopo changu cha sampuli. Kila mshiriki anapewa majibu yake. Halafu ndiyo tuzungumze."

Hapo mwanamume akashindwa. Amkabidhi kinyesi chake mwanamke anayempenda, akitazamwa usoni? Na je, kikopo kikisema anakwenda aliko Lusajo? Akafunga safari hadi Kisarawe kwa mama yake, mjane anayelima mihogo na kunde, ambaye nyama huila Krismasi na Pasaka tu. Akamdanganya kuwa kuna watu wanapima minyoo. Mama akajaza kikopo, Ipyana akabandika jina lake mwenyewe, akampelekea Wema.

Majibu yalipotoka, Wema alipiga simu huku analia.

"Ipyana, tumbo lako safi! Wale wadudu wabaya ni wa kuhesabu tu. Watu waliniambia habari za baba yako na kaka yako, nikawa naota umekufa, ujue?"

"Mungu mkubwa," Ipyana alisema, akakata simu upesi.

Wiki nzima Wema aliimba, akachagua hata rangi za sare za harusi. Wiki hiyohiyo viatu vya Lusajo vikaacha kukaa buchani. Vikamfuata Ipyana hadi nyumbani na kusimama mlangoni mchana kweupe. Jumanne, akibeba paja la ng'ombe, kifua kikambana mpaka akaegemea ukuta. Akajiambia ni gesi.

Ijumaa Wema akaingia buchani na fomu mkononi, bila hata salamu.

"Hapa umeandika unakula nyama kila siku. Maabara inasema huyu mtu nyama haijui. Kile kinyesi ni cha nani?"

Ipyana aliinamisha kichwa. "Cha mama."

"Cha mama!" Wema alimtazama, macho yakamjaa machozi. "Wiki nzima napiga magoti kushukuru, kumbe nashukuru kwa afya ya mama yako!"

Akaondoka. Simu yake haikupatikana tena, na Ipyana akafunga bucha saa sita mchana, akaenda Kisarawe kukiri.

Mama alikuwa anapukuchua kunde. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Kaka yako kifua kilimbana siku tatu," alisema. "Nikimuuliza, ananijibu, mama, ni gesi. Baba yako naye gesi. Na wewe, mwanangu, unaficha nini?"

Ipyana akashika kifua. "Mama, na mimi kinanibana."

Mama akamwaga kunde zote chini, akajifunga kanga, wakaenda hospitali. Presha ilikuwa juu vibaya, na mishipa ya moyo imeanza kusinyaa. Akapewa dawa za kila siku.

Jumatatu Wema alikuwa Misugusugu akipokea sampuli, foleni imejaa. Ipyana akajipanga, shati jeupe limepigwa pasi.

"Jina?" Wema aliuliza bila kuinua uso.

"Ipyana. Na safari hii ni changu mwenyewe."

Watu walicheka. Wema hakucheka; akakipokea kikopo, akaandika jina.

Majibu Wema alimletea mwenyewe, kwenye kibanda cha juisi pale Sofu. Wale wadudu walikuwa wamejaa tele. Ipyana naye akamsimulia yote ya hospitali, hata alivyoambiwa apunguze nyama ale kunde.

"Lusajo namsikia akitembea," Ipyana alisema. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata sasa yuko nyuma yangu."

Wema alitazama kiti kitupu kilichokuwa nyuma ya Ipyana. "Shikamoo, shemeji," alisema taratibu. "Huyu muache kwanza, bado nina kazi naye."

"Mwakani natimiza arobaini na moja, Wema. Tafuta mwingine."

"Daktari kasema kuna dawa, kuna kutembea, kuna kunde za mama. Kasema pia kwamba uhakika hana. Hata mimi sina."

"Utakuwa mjane."

"Mjane huolewa kwanza. Barua ya posa inakuja lini?"

Ipyana alimshika mkono. "Jumapili."

"Jumapili ni mbali," Wema alisema. "Ilete kesho."