Gari Hukaguliwa Likiwa Baridi

Miguu ndiyo iliyoonekana kwanza. Miguu miwili yenye gambuti, imetokeza chini ya gari jekundu kama ya mtu aliyelala na hataki kuamshwa. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, hapo Chepilat, ndani ya yadi ya Kuria, muuza magari. Ukungu ulikuwa bado umelalia soko.

Bosire, mlinzi wa yadi, alikuwa ametoka kidogo kununua chai na mandazi. Aliporudi akaita, "Fundi, kuja unywe kitu moto." Fundi hakujibu. Bosire akainama, akachungulia. Chai yote ikaenda chini.

Gari lilikuwa limemkalia fundi Kipkemboi kifuani. Jeki ilikuwa imeshuka.

Kufikia saa mbili, watu wa soko walikuwa wameshahukumu, na hawakuhitaji wakili. Chepilat ni mpakani. Upande huu Wakipsigis, upande ule Wakisii, katikati ndizi, viazi na maneno. Marehemu alikuwa Mkipsigis, mlinzi Mkisii. Tena jana yake walikuwa wamegombana hadharani, Kipkemboi akisema magari ya yadi hiyo hunywa petroli hata yakiwa yamelala, yaani mlinzi huiiba. Jana watu walicheka. Leo vijana walisimama kando ya barabara vikundi vikundi, na mawe hayakuwa mbali na viatu vyao. Wenye maduka wa upande ule walianza kushusha milango ya chuma. Mmoja ukilia, mwingine unajibu.

Inspekta Muthoni alifika kutoka Sotik akamkuta Bosire amefungiwa katika ofisi ya yadi, askari wawili mlangoni. Hawakuwekwa pale ili asitoroke. Waliwekwa ili asitolewe.

"Afande, tumwandikie kesi haraka, watu watulie," askari mmoja akanong'ona.

"Ukimwandika asiye na makosa, watatulia mpaka lini?"

"Mpaka jioni."

"Na jioni tutamwandika nani? Wewe?"

Muthoni akaenda kwa gari.

Lilikuwa gari la mbio, milango miwili, tumbo chini kama paka anayevizia kifaranga, rangi ya kuumiza macho. Limetumika Nairobi kabla ya kuletwa huku kutafuta mtu wa kulipenda. Mwili ulikuwa umeshatolewa, umelazwa kando juu ya turubai. Muthoni alichuchumaa, akauinua mkono wa kulia. Vidole vilijaa oili nzito ya gia, na ndani ya oili kulikuwa na nyuzi laini za kahawia, kama manyoya ya kifaranga. Akanusa. Chini ya harufu ya oili kulikuwa na harufu nyingine, ya nyumbani kabisa. Akaurudisha mkono juu ya turubai.

Ukutani palikuwa na magogo manne mafupi ya mkaratusi, yamepangwa vizuri. Mama mmoja mzee, shuka mabegani, alikuwa amesimama akiyatazama. Alikuwa mama yake Kipkemboi. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, na alikuwa hajalia bado.

"Chamgei, Mama," Muthoni akamsalimu kwa Kikipsigis. Mama akageuka kwa mshangao, maana jina la Kikuyu kifuani mwa Muthoni halikuahidi lugha hiyo. Lakini Muthoni alizaliwa na kukulia Kiptere, kwa Wakipsigis.

"Hayo magogo nilimkatia mimi, miti ni yangu," mama akasema. "Mtoto wangu hakuingia chini ya gari na jeki peke yake. Aliniambia jeki ni kama jirani, itakushikilia mpaka siku itachoka."

Muthoni akageuza gogo moja. Kichwani mwake palikuwa na alama mbichi ya chuma, imebonyea. La pili vilevile. Basi magogo yalikuwa chini ya gari asubuhi hiyo, na mkono wa mtu uliyatoa. Haikuwa ajali. Na mtu aliyeyapanga vizuri ukutani hakuwa na haraka.

Alianza na Bosire.

"Fundi aliingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili, Afande. Nilimfungulia mimi. Alisema lazima aikute gari ikiwa baridi."

"Na mligombana jana."

"Tuligombana. Leo tukasalimiana. Mtu akikutukana jana na leo akuombe chai, utafanya nini? Nilienda kumnunulia."

"Geti ulifunga?"

"Nilifunga. Lakini huko nyuma hakuna ua. Ni majani chai tu mpaka kiwandani." Akachungulia dirishani. "Afande, nina watoto hapo ng'ambo ya barabara. Nikitolewa hapa na jina la muuaji, hiyo nyumba itafika usiku?"

Muthoni hakumdanganya. Alitoka, akarudisha mlango, akaenda kwa Kuria.

Kuria naye alikuwa na kofia, tumbo na sababu nyingi.

"Gari ni ya nani?"

"Iliachwa hapa niuze, dada. Aliyeileta ni dereva ametumwa. Logbook ina jina la mtu wa Nairobi aliyeuza zamani, na namba niliyopewa sasa imezimwa."

"Unauza gari ambayo mwenyewe humjui?"

"Ngai, Mungu wangu! Ukianza kuuliza gari ya mkono wa pili imetoka wapi, utauza baiskeli."

"Ilikuwa na shida gani?"

"Mimi huuza rangi, dada. Shida ni ya fundi kutafuta."

"Na fundi alizitafuta, akafa katika yadi yako. Usitoke hapa."

Watu nje walimwona Muthoni akitoka bila kumtia Kuria pingu. Kijana mmoja akapaza sauti, "Wanasaidiana hao! Kikuyu na Kikuyu!" Kundi likanguruma. Jiwe la kwanza likagonga bati la yadi, likaviringika polepole mpaka likaanguka. Kila mtu ndani alilisikiliza likiviringika.

Aliyetaka kulinunua gari lile alikuwa ameketi juu ya tairi, mikono juu ya bakora. Mzee Johana wa Kiptere, mkulima wa chai, aliyefiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Wenzake wakizeeka hubadilisha bati la nyumba. Yeye alitaka gari lenye kelele. Pembeni yake alisimama Kimutai, aliyemwoa binti yake, kijana mpole wa kiwanda cha chai.

"Mzee, ulimtafuta fundi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Gari ya mbio iliyotumika ni kama mjane mrembo, Afande. Unauliza kwanza mume alikufa na nini." Akatazama turubai, akajuta. "Kipkemboi aliniambia nisiulize imetembea kilomita ngapi, hiyo saa hurudishwa nyuma. Niulize ni nani alikuwa anaikanyaga. Akasema tuikague ikiwa baridi, kwa sababu gari mgonjwa ikishapashwa moto inadanganya kama mlevi."

"Nani alikuonyesha hii gari?"

"Huyu mkwe wangu. Alisema ameiendesha, ni safi."

Muthoni akamgeukia Kimutai. "Umefika hapa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Afande. Nilitoka shifti ya usiku, nikamkuta Baba hapo stegi ya matatu."

"Kiwandani unafanya nini?"

"Niko chumba cha kuchekecha, kutenga chai kwa gredi."

"Ulikuja na njia gani?"

"Na barabara tu. Ya lami."

Muthoni akaitazama suruali yake. Magoti yalikuwa yamekauka kidogo, lakini kuanzia mapajani hadi kiunoni ilikuwa nyeusi kwa maji. Usiku huo mvua haikunyesha. Wachuma chai wote wa huku hujifunga aproni ya plastiki asubuhi, kwa sababu umande wa majani chai hukushika hapo hapo, mapajani na kiunoni. Lami haijawahi kumlowesha mtu kiunoni.

"Sawa," akasema, akaenda zake. Alimwita askari pembeni, akamnong'oneza jambo. Askari akaenda kwa gari, akafungua boneti, akafanya kazi ndogo, akaifunga.

Saa tano, kelele za nje zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa zimepungua, na hapo ndipo wenye akili huanza kuogopa. Muthoni akawakusanya wote mbele ya gari: Kuria, Mzee Johana, Kimutai, na mama wa marehemu aliyekataa kuketi.

"Gari imeinuliwa, imekaguliwa," Muthoni akatangaza. "Haina kitu. Jeki iliteleza, ni bahati mbaya. Mzee, kama bado unaitaka, ijaribu. Teremka nayo mpaka darajani, urudi."

Uso wa Mzee Johana ukachanganyikiwa, lakini macho yakaangalia ile rangi, na miguu ikafuata macho. Akaingia, akafunga mlango. Akaushika usukani kama mtoto.

"Baba, ngoja," Kimutai akasema.

"Ngoja nini? Si ulisema ni safi?" Muthoni akauliza.

"Ni safi, lakini... leo si siku nzuri."

"Mteremko ni mfupi. Mzee, washa."

Mkono wa mzee ukaenda kwa ufunguo. Kimutai akaruka, akaung'ang'ania mlango.

"Baba, toka! Gia zitashika kwa mteremko! Ikipata moto magurudumu yatajifunga, utakufa!"

Mzee akageuza ufunguo kwa mshtuko, na gari halikutoa hata mlio. Betri ilikuwa chini ya kiti cha Land Rover ya polisi.

"Mimi nimesema haina kitu," Muthoni akasema taratibu. "Kuria hajui shida yake. Aliyejua alikuwa fundi peke yake, na hajasema. Wewe umejuaje, Kimutai?"

Kimutai akauachia mlango.

"Wajanja wa kwingine hujaza unga wa mbao ndani ya giaboksi, gia ziache kulia. Huyu alijaza yale manyoya ya chai, yanayofagiwa chini kule chumba cha kuchekecha. Kipkemboi alifungua nati akayakuta. Bado yako kwa vidole vyake, na yananuka chai. Na suruali yako imepita katikati ya mashamba, si kwa lami. Mtu hafichi ugonjwa wa gari isiyo yake. Gari ni yako."

"Nililinunua Nairobi," Kimutai akasema, sauti kama ya mtu anayeota. "Sikuuliza mtu. Nilisikia mlio wake tu. Wiki ya pili gia zikaanza kulia, na fundi wa huko akaniambia giaboksi ya gari kama hii hupati, labda gari lingine life. Ningeuzia mtu wa mbali, angerudi na polisi."

"Ukaona Baba hawezi kumletea mkwewe polisi," Muthoni akasema.

"Nilimwomba Kipkemboi anyamaze. Alikuwa huko chini. Nikatoa magogo aogope, atoke tuongee. Akacheka. Akasema, 'Leo nitamwambia baba mkwe wako amemwoza binti yake kwa nani.' Mkono ukafungua jeki." Akamtazama mzee. "Ningekaaje mbele yako, Baba?"

Mzee Johana alitoka garini polepole, mguu mmoja kwanza, maana magari ya namna hiyo hayakutengenezewa magoti yake.

"Ungeniambia ni mbovu," akasema, "ningelinunua hivyo hivyo. Ningeliweka nje ya nyumba majirani walione. Nani alikuambia nilitaka kwenda mahali?"

Kimutai akaanza kulia. Hakuna aliyemshika bega. Pingu zikafungwa.

Lakini habari njema haina mbio kama mbaya. Land Rover ilipotoka na Kimutai ndani, sauti zilisema ni ujanja, kwamba wanamfunika Mkisii kwa kumtoa kijana wa watu. Mawe hayakuwekwa chini. Bosire alifunguliwa mlango wa ofisi, akasimama kizingitini, akashindwa kuvuka.

"Nikuwekee askari?" Muthoni akauliza, na wote wawili walijua askari waliobaki ni wawili.

Ndipo mama wa Kipkemboi akaja, akamsogeza Muthoni kando kama anayefungua pazia.

"Nyumba yako ni gani?" akamuuliza Bosire.

"Ile ya bati ya kijani, Mama. Ng'ambo."

"Nipeleke. Nishike mkono. Huo hapana, huu wa upande wa vijana."

Wakatoka getini. Kijana aliyepaza sauti asubuhi akasogea, jiwe mkononi. "Mama, achana na huyo."

Mama alimtazama mpaka kijana akakumbuka ni nani aliyempa maziwa akiwa mdogo, na jiwe likaanguka lenyewe. Walivuka lami. Bosire akaharakisha hatua, na mama akamvuta nyuma.

"Polepole," akasema. "Wale wa mwisho bado hawajatuona."