Mkono Mtupu Mbele ya Baraza

"Asiposhika Kitabu kesho, harusi hakuna!"

Baba alinisimamia pale kwenye cherehani. Nilikuwa nakunja pindo la suti ya mchumba wangu, diwani mteule, aliyekuwa anaapishwa kesho yake. Baba ni mchungaji. Mchumba wangu haamini Mungu, na mtaa mzima ulilijua hilo.

"Baba, sheria inamruhusu kuapa bila Kitabu."

"Sheria ndiyo iliyokuzaa?"

Simu yangu ikalia. Ujumbe wake: "Mpenzi, nitakishika tu, yaishe."

Nikampigia papo hapo.

"Utakishika unaamini?"

"Nitakishika nikupate."

"Basi hunipati! Kitabu hicho ndicho kinachonishika nisianguke. Usikifanye tiketi ya ukweni. Waliokupigia kura walijua huamini. Simama ulivyo."

"Na mzee?"

"Mzee niachie mimi."

Kesho yake karani wa baraza akamnyooshea Kitabu. Mchumba wangu akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akainua mkono mtupu.

"Nathibitisha kwa dhati ya moyo wangu kwamba nitawatumikia wote, wanaosali na wasiosali."

Ukumbi ukaguna. Nikapiga makofi peke yangu mpaka viganja vikawaka moto. Nilijivuna, sifichi. Na suti ilivyomkaa!

Baba akanikabili mlangoni.

"Kanisani kwangu siwafungishi ndoa."

"Tutafunga kwa msajili, baba. Kwaya siachi, na yeye hajaniambia niache."

"Kwa hiyo umemchagua yeye?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme uongo mbele za Mungu. Na yeye nimemkataza asiuseme."

Akageuka, akaondoka. Nyumbani tukawa tunasalimiana tu, na moyo uliniuma.

Siku ya ndoa, kwa msajili, shangazi alikuwa ameshika kalamu atie sahihi ya shahidi wangu, mlango ukafunguliwa. Baba! Shati la kawaida, bila kola ya uchungaji.

"Dada, nipishe."

Akamgeukia bwana harusi.

"Kijana, ungekishika kile Kitabu kwa uongo, leo nisingetia mguu hapa."

"Ahsante, baba."

Msajili, aliyemfahamu, akababaika.

"Mchungaji, karibu... nikuandike mchungaji wa..."

"Mchungaji yuko nyumbani anawaombea," baba akasema, akichukua kalamu. "Hapa amekuja baba mzazi."